Dripu ya kila wiki au jeni ya mara moja? Kumchagulia utafiti kijana wa Duchenne asiyetembea tena

Usiku ule mezani palikuwa na mafungu mawili ya karatasi. Fomu mbili za ridhaa ya kujiunga na utafiti wa dawa, moja ya dripu ya kila wiki na nyingine ya tiba ya jeni ya mara moja, kila moja nene kuliko daftari la shule, na kalamu nyekundu niliyokuwa nikipigia mstari kila neno lililonitisha. Mwanangu, mwenye Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika misuli, alikuwa na miaka 16, mwaka wake wa tano kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba ilikuwa kimya, inasikika mashine yake ya kupumulia tu kutoka chumbani. Jioni kaka yangu alikuwa amepiga simu kutoka Tanga: "Dada, ichukueni hiyo ya mara moja mmalizane nayo. Mtampeleka hospitali kila wiki mpaka lini?"

Alisema kwa huruma, na mimi nilikuwa nimeshaelekea kukubali. Kilichonirudisha ni swali la mgonjwa mwenyewe. Asubuhi yake, namvisha shati, akauliza: "Mama, hii ikinikataa, tunaiacha?" Kwa dripu ya kila wiki jibu ni ndiyo, wiki ijayo hatuendi, basi. Kwa tiba ya jeni jibu ni hapana. Ikishaingia imeingia, na maji yaliyomwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo swali hilo ndilo naliweka mbele ya mengine yote, na ulinganisho huu nimeupanga kulifuata. Nawaandikia wazazi na walezi wa vijana walioombwa kujiunga na utafiti, wengi wetu tukiwa Marekani na Ulaya ambako tafiti hizi nyingi hufanyika. Lakini yapo humu yanayomhusu hata aliye Mbeya au Mombasa ambaye hajawahi kuonyeshwa fomu yoyote.

Vipimo vinavyodanganya

Duchenne humnyima mtu distrofini, protini inayoikinga misuli isichanike inapofanya kazi. Huwapata karibu wavulana tu. Miguu huchoka kwanza, na wengi huwa kwenye kiti wanapoingia ujana. Kisha mikono, kupumua, na moyo. Tafiti nyingi zilianza na watoto wadogo wanaotembea, kwa sababu kipimo kikuu kilikuwa umbali anaotembea mtoto kwa dakika sita. Asiyetembea hana alama kwenye kipimo hicho, kwa hiyo hakuchukuliwa. Matokeo yake, dawa ilijulikana usalama wake kwa mtoto wa miaka saba mwenye kilo 22, halafu ikaletwa kwa kijana wa kilo 60 mwenye mapafu yaliyopungua na moyo uliokwisha kulegea. Huo ni mwili mwingine kabisa.

Jambo la kwanza ambalo kila mzazi anapaswa kulishika ni ini. Dawa mpya ikiingia, madaktari huangalia vimeng'enya viwili katika damu, ALT na AST. Vikipanda, wanasema ini limeumia. Sasa, vimeng'enya hivyo vimo pia ndani ya misuli. Mtoto wa Duchenne anazaliwa navyo vikiwa juu, na hubaki juu mara nyingi kupita kawaida kwa miaka, ini lake likiwa zima. Mwanangu akiwa na miaka tisa tulimkimbiza kwenye chumba cha dharura kwa kutapika, daktari kijana akatazama majibu, akaniambia kwa uso mzito kwamba ini la mtoto limeharibika na huenda wakahitaji kulikata kipande wakalipime. Nilimwonyesha karatasi ya ugonjwa wake. Alikuwa na tumbo la kawaida tu la kuharisha.

Hatari iko pande zote mbili. Asiyejua huogopa ini zima, na aliyekwisha kuzoea namba za juu anaweza kupitiwa na ini linalokufa kweli, akisema "ni misuli hiyo." Kadiri misuli inavyokwisha, namba hizo hushuka zenyewe, kwa hiyo hata kiwango cha kuanzia cha kijana wa miaka 17 si kile cha miaka tisa. Ndiyo maana utafiti wa maana hupima pia GGT, ambayo haitoki kwenye misuli, pamoja na bilirubini na muda wa damu kuganda. Uliza. Kama daktari wa utafiti anakutajia ALT na AST peke yake kwa kijana wa Duchenne, rudi nyumbani kwanza.

Figo nazo zina udanganyifu wao, na huu ni wa kinyume. Kipimo kilichozoeleka ni kreatinini, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Kijana aliyebakiwa na misuli kidogo anayo kidogo, hivyo figo zinaweza kuwa zinalemewa na karatasi ikasoma vizuri. Kipimo kinachofaa huitwa sistatini C, pamoja na kuangalia protini kwenye mkojo. Nilipouliza kama wanapima sistatini C, mratibu wa utafiti mmoja alifungua itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, akanionyesha ukurasa. Wa utafiti mwingine alisema atauliza. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Moyo na mapafu hayahitaji maelezo marefu kwa mzazi aliyefika hapa. Kipimo cha umeme wa moyo cha kijana huyu si cha kawaida hata kabla ya dawa, kwa hiyo lazima kuwe na picha ya moyo ya kabla, ikiwezekana ya mashine ya sumaku, ili mabadiliko yalinganishwe na yeye mwenyewe. Mapafu yakiwa madogo, mafua ya wiki moja yanaweza kugeuka nimonia, na utafiti mzima ukabaki ukijiuliza: ni dawa, au ni ugonjwa ulioendelea na safari yake?

Dripu ya kuruka eksoni

Hizi ni dawa zinazofunika kipande kimoja cha maelekezo ya jeni, kiitwacho eksoni, ili mwili ukiruke na kutengeneza distrofini fupi inayofanya kazi kiasi. Haziwafai wote, inategemea kipande gani cha jeni kimekatika. Ile ya kwanza, eteplirsen, ni ya wanaofaa kurukwa eksoni 51, karibu 13 katika kila wagonjwa 100. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha kwa njia ya haraka Septemba 2016. Zikafuata golodirsen mwaka 2019, viltolarsen mwaka 2020 na casimersen mwaka 2021.

Ninachokiheshimu katika historia ya eteplirsen ni kwamba kulifanywa utafiti wa usalama kwa ajili ya vijana wetu hasa: watu 24 wa miaka 7 hadi 21 waliofika hatua za mbele, waliokuwa hawatembei au wanatembea kidogo sana, dripu kila wiki kwa wiki 96. Idadi ni ndogo, na ulikuwa utafiti wa wazi, kila mtu akijua anachopewa. Lakini waliketi wakawatazama watu hawa hawa, si ndugu zao wadogo.

Upande wa usalama, dripu hizi zimekuwa pole kuliko tiba ya jeni. Watu hutapika, huumwa kichwa, baadhi hupata mzio wakati dripu inaingia. Figo za wanyama ziliumia katika majaribio ya dawa za kundi hili, ndiyo sababu golodirsen na wenzake wana onyo la kupima figo, na ndiyo sababu ya maneno yangu yote kuhusu sistatini C.

Upande wa faida, sitaki kumdanganya mtu. Katika kipimo kilichoipatia eteplirsen kibali, distrofini ilipanda kwa wastani kutoka 0.16% ya kiwango cha mtu asiye na ugonjwa hadi 0.44% baada ya wiki 48. Chini ya moja kwa mia. Na Novemba 2025 kampuni inayozitengeneza ilitangaza kwamba utafiti mkubwa wa kuthibitisha golodirsen na casimersen haukufikia lengo lake kuu. Mzazi anayechagua dripu anachagua kitu chenye hatari ndogo na faida ambayo bado inabishaniwa, kwa gharama ya siku moja ya kila wiki ya maisha ya kijana. Mishipa nayo huchoka. Wengine hupandikiziwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua ili dawa ipitie hapo, na kifaa hicho kinaweza kuingiza maambukizi. Hesabu hilo pia.

Jeni ya mara moja

Hapa kirusi kilichoondolewa makali hubeba jeni fupi ya distrofini hadi kwenye misuli. Dripu moja, saa chache, basi. Ndiyo iliyomvutia kaka yangu, na ndiyo inayomvutia kila aliyechoka.

Iliyofika sokoni ni Elevidys. FDA iliipitisha Juni 2023 kwa watoto wa miaka 4 na 5 wanaotembea, bei yake dola milioni 3.2. Utafiti wake wa watoto 125 ulikuja na matokeo Oktoba mwaka huo, ukakosa lengo lake kuu. Hata hivyo Juni 2024 kibali kilipanuliwa kuanzia miaka 4 kwenda juu, wasiotembea wakiwemo. Machi 2025 kampuni ikatangaza kifo cha kijana wa miaka 16 asiyetembea, ini lake lilishindwa ghafla. Juni ikatangaza kifo cha mwingine, wa miaka 15, asiyetembea naye, ini vilevile. Mwaka huohuo mtu mzima wa miaka 51 mwenye ugonjwa mwingine wa misuli alikufa kwa ini katika utafiti wa tiba iliyotumia kirusi cha jamii hiyohiyo. Dawa ikasimamishwa kwa wasiotembea, na Novemba 2025 FDA ikaiwekea onyo lake kali kuliko yote na kuibakiza kwa wanaotembea tu.

Haya hayakuanza hapo. Tiba ya jeni ya kampuni ya Pfizer ilipoteza kijana asiyetembea Desemba 2021 na mtoto mdogo mwaka 2024, kisha ikaachwa. Mwaka 2022 mtu wa miaka 27 aliyekuwa ametengenezewa tiba ya kuhariri jeni, ya peke yake, alifariki siku ya nane baada ya kuipata. Mwili ulikipokea kirusi kwa mapigano makali na mapafu hayakuhimili.

Kwa nini wakubwa? Sababu moja ni hesabu ya kawaida. Dozi ya Elevidys hupimwa kwa uzito: nakala trilioni 133 za kirusi kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 hupata trilioni 2,660. Kijana wa kilo 60 hupata karibu trilioni 8,000, na ini lake ni moja kama la mwingine. Juu ya hapo ana miaka kumi ya steroidi, dawa za kuchelewesha misuli kudhoofika, mwilini na moyo usio na akiba.

Nisiwatie hofu kupita ukweli. Kifo cha kwanza kilipotokea, kampuni ilisema waliokwisha kupewa tiba hiyo, wadogo kwa wakubwa, walikuwa zaidi ya 800. Wengi walirudi nyumbani. Nawajua wazazi wawili wa watoto wanaotembea ambao wanamshukuru Mungu kila siku kwa tiba hiyo, na mimi nafurahi nao. Lakini baada ya dripu hiyo kuna wiki kwa wiki za kupima ini kwa miezi mitatu, kupima troponini kuona kama moyo umevimba, na steroidi za nyongeza kwa siku zisizopungua 60, zinazomwacha kijana bila kinga nzuri dhidi ya mafua ya ndugu zake. Na mwili hujijengea kinga dhidi ya kirusi kile, kwa hiyo tiba ya jeni ya baadaye, hata ikiwa bora mara mia, huenda ikamkuta mlango umefungwa.

Kilichopangwa sasa kwa wasiotembea ni kuwapa kwanza sirolimus, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kisha jeni, ili kuona kama ini litasalimika. Ni swali halali na lazima mtu alijibu. Kijana atakayejitolea kulijibu anastahili heshima yetu, na anastahili kuambiwa wazi kwamba hilo ndilo swali.

Seli kila miezi mitatu, na dawa ya kumeza

Hizi mbili nazipitia haraka. Deramiocel ni seli zinazokuzwa kutoka mioyo iliyochangiwa, huingizwa kwa dripu kila miezi mitatu. Utafiti wake uitwao HOPE-2, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuwa wa watu 20, wengi hawatembei, na ulipima mikono badala ya miguu. Hofu yake kubwa ilikuwa mzio mkali wakati seli zinaingia, wakaanza kutoa dawa za kuzuia mzio kabla ya kila dripu. Julai 2025 FDA ilikataa kuipitisha kwa ushahidi uliokuwepo. Kwa swali la mwanangu, inaachika, ingawa seli za mtu mwingine zinaweza kuuacha mwili na kinga zitakazosumbua kama siku moja atahitaji kupandikizwa kiungo. Muulize daktari wa moyo, si wa misuli peke yake.

Givinostat ni ya kunywa, mara mbili kwa siku pamoja na chakula, ilipitishwa Marekani Machi 2024 kuanzia miaka 6. Huleta kuharisha, hushusha chembe za kugandisha damu na kupandisha mafuta ya damu, kwa hiyo vipimo huwa vya karibukaribu mwanzoni. Walioipima kwanza walikuwa wanaotembea. Kwa wasiotembea kuna utafiti wake, ULYSSES, wenye kundi la plasebo, yaani linalopewa kisicho na dawa. Ikimsumbua, dozi inapunguzwa au inaachwa leo leo. Kwa kijana mwembamba anayekula kwa shida, kuharisha kila siku si dogo, lakini ni jambo la kurekebishika.

Wazi au plasebo

Plasebo si dawa bandia ile ya madukani inayokamatwa na serikali. Ni dripu au kinywaji kisicho na dawa, kinachotolewa kwa makusudi kwa kundi moja, na kila mshiriki ameelezwa kwamba anaweza kuangukia huko.

Wazazi wengi hukataa plasebo. Nami nilikataa, moyo wa mama hauna hesabu. Lakini kwa usalama, hasa kwa kijana wa hatua za mbele, plasebo ndiyo inayojibu lile swali la nimonia. Wakipata nimonia wanne kwenye dawa na wanne kwenye plasebo, ni ugonjwa. Kwenye utafiti wa wazi hutajua kamwe. Dawa iitwayo idebenone ilitia watu matumaini mwaka 2015 baada ya utafiti wa wavulana 64 kuhusu kupumua. Utafiti mkubwa zaidi ukasimamishwa mwaka 2020 kwa kuonekana hautafikia popote.

Mimi ningemshauri mwenye muda wa kupoteza, yaani kijana ambaye mikono bado inafika mdomoni na mapafu hayajashuka sana, aukubali utafiti wa plasebo wenye ahadi ya dawa halisi kwa wote baadaye. Ambaye mikono inamtoka mwaka huu, achague wa wazi, na asione aibu.

Uliza pia kama watakata kipande cha msuli. Kukata kunaweza kuhitaji usingizi wa dawa, na hapo ndipo pana hatari ambayo haimo kwenye dawa inayopimwa. Mgonjwa wa Duchenne hapewi suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, wala gesi za usingizi za kuvuta. Moyo unaweza kusimama. Hili aliye Mbeya na Mombasa alikariri kama namba ya simu, kwa sababu suksamethoniamu ipo kwenye vyumba vya upasuaji kila mahali, na kijana anaweza kufikishwa huko kwa mfupa uliovunjika tu.

Kutojiunga

Hii nayo ni safu yake kamili katika ulinganisho. Yaliyothibitika kurefusha maisha ya vijana hawa ni steroidi, dawa za moyo za jamii ya enalapril na perindopril zikianzishwa mapema, mashine ya kusaidia pumzi usiku, na kusaidiwa kukohoa. Prednisolone na enalapril ni dawa za bei nafuu, zinapatikana Afrika Mashariki. Utafiti ukikutaka usimamishe chochote kati ya hivi, au safari zake zikikufanya ukose kliniki ya moyo, umepoteza zaidi ya ulichopata. Na wakati wa shida ya pumzi, oksijeni peke yake bila mashine ya kusukuma hewa inaweza kumlaza kijana asiamke, maana tatizo lake ni misuli ya kupumulia. Mwambie kila muuguzi wa zamu.

Tulivyofanya

Tulichukua dripu, mwishoni mwa 2024. Sikujua yatakayotokea Machi. Siku niliyosoma habari ya yule kijana wa miaka 16, umri wa mwanangu, nililia kwa ajili ya mama yake. Sikujiona mwenye akili. Sisi tuliongozwa na swali la mtoto tu.

Kabla ya kuanza tulimwomba daktari tuandike mahali pa kusimama na kuacha. Tukaandika matatu: sistatini C ikipanda mara mbili mfululizo, pumzi ikishuka kwa moja ya kumi ndani ya miezi mitatu, au yeye mwenyewe akisema imetosha bila kulazimika kueleza sababu. La tatu aliliongeza yeye. Kisha wakampima mikono: kuinua kikombe, kusogeza uzito mezani, kuchana karatasi iliyokunjwa. Karatasi ilimshinda ikiwa imekunjwa mara nne, akaichana ya mara mbili.

Chini ya miaka 18 mzazi ndiye anayesaini, lakini kuna nafasi ya mtoto pia. Mratibu alisema si lazima, alama ya kidole inatosha. Mwanangu akaomba kalamu, nikaizungushia raba nene ili vidole viishike, na akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu. Ilichukua karibu dakika mbili, na hakuna aliyemharakisha.